Usinionyeshe Ufadhili, Nionyeshe Kinachobaki

(Maneno niliyowaambia wazazi na vijana wa jamii yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili, Minnesota, Aprili 2026)

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, poleni na kazi. Najua kuna waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja bila kulala. Na nyinyi wanangu mliojibanza kule karibu na mlango, sogeeni mbele. Leo tunawajadili nyinyi, si vizuri tuwajadili mkiwa mlangoni.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze aliniambia, "Dada, tueleze habari za vile vyuo vidogo vya binafsi, maana nyumba nyingine hazilali." Nikamuuliza kuna nini. Akasema yupo mzee aliyekataa katakata binti yake aende chuo fulani kwa sababu hajawahi kukisikia. "Chuo gani kina wanafunzi elfu moja na mia tano? Shule ya msingi niliyosoma mimi ilikuwa na zaidi ya hao!"

Mzee, nakuona unacheka, basi nianze na wewe. Mwaka 1960 msichana mmoja wa Nyeri alipanda ndege kwenda Marekani, katika safari zile za wanafunzi ambazo Tom Mboya alizihangaikia. Hakwenda Harvard. Alikwenda Atchison, mji mdogo wa Kansas, kwenye chuo cha wasichana cha masista Wabenedikto kilichoitwa Mount St. Scholastica. Sidhani kama kuna mtu kijijini kwao aliyekuwa amekisikia. Alisoma biolojia, akamaliza mwaka 1964. Huyo ni Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Na hapa hapa St. Paul kipo chuo cha Macalester. Kofi Annan alimaliza pale mwaka 1961. Kwa hiyo udogo wa chuo na kutosikika kwake visikutishe, mzee wangu. Cha kukutisha nitakuonyesha sasa hivi.

Vyuo hivi ni vya shahada ya kwanza hasa. Vingi vina wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu, darasa lina watu kumi na tano au ishirini, na mwalimu anayefundisha ndiye anayesahihisha kazi yako na kukuandikia barua ya kukupendekeza. Bei yake ukiisoma kwenye tovuti utafunga kompyuta: ada, chumba na chakula kwa mwaka mmoja dola elfu sitini na kitu, na vingine vimeshapita elfu themanini. Lakini bei hiyo ni kama bei ya kwanza ya kitenge sokoni. Kwa wastani, vyuo vya binafsi nchini hapa vinamsamehe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada. Anayelipa bei ya kwenye tovuti yupo, ila ni mmoja kati ya wengi, na ama ana pesa za kumwaga ama hakuuliza.

Punguzo linakuja kwa njia mbili, na hapa ndipo watu wanachanganyikiwa. Kuna linalotolewa kwa kuangalia uhitaji wa familia: mnapata kiasi gani, mna watu wangapi nyumbani, mna akiba gani. Na kuna linalotolewa kwa alama au kipaji, bila kujali baba ana nini. Vyuo vidogo vyenye mifuko minono, kama Amherst au Bowdoin, vinatoa kwa uhitaji, na vinaahidi kuziba pengo lote ambalo vyenyewe vimelihesabu. Nimesema "ambalo vyenyewe vimelihesabu". Shikeni maneno hayo. Vingine, ambavyo ndivyo vingi, vinatoa ufadhili wa alama kwa sababu vinataka vitanda vya mabweni visibaki vitupu. Sivilaumu, lakini mjue kwamba ile barua ya pongezi yenye muhuri wa dhahabu ni pongezi na ni biashara pia.

Niwasimulie yangu. Miaka saba iliyopita binti yangu wa kwanza alipata barua mbili siku mbili zikifuatana. Ya kwanza ilitoka kwenye chuo cha jimbo jingine. Ilisema amepata ufadhili wa rais wa chuo, dola 36,000 kila mwaka. Nikashuka na macho mpaka chini kabisa, nikakuta mstari umeandikwa: gharama inayobaki, dola 0. Jamani! Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nikampigia dada yangu, nikampigia mama. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na si mtu wa maneno, aliichukua ile karatasi akaisoma mara mbili, akaweka kidole katikati ya ukurasa, akaniuliza: "Hii PLUS analipa nani?"

Tukakaa mezani na kalamu. Gharama yote ya mwaka ilikuwa 66,000. Ufadhili 36,000. Mkopo wa mwanafunzi wa serikali kuu 5,500. Kazi ndani ya chuo 2,500. Halafu mkopo wa mzazi, unaoitwa PLUS, 22,000. Jumlisha hesabu hiyo unapata 66,000 kamili, ndiyo maana mstari wa mwisho ulisema sifuri. Yaani walichukua deni langu mimi, ambalo sijaliomba wala sijatia saini, wakaliandika kwenye safu ya msaada. Na ile kazi nayo haipunguzi bili hata senti moja: mtoto anafanya kazi maktaba au jikoni, analipwa kidogo kidogo kama mshahara, na bili ya Agosti inakuwa ilishafika zamani.

Barua ya pili ilitoka chuo cha humu humu Minnesota. Karatasi ya kawaida tu, haina hata rangi. Gharama ya mwaka 51,000, ufadhili 27,000, ruzuku ya jimbo 4,000. Binti yangu aliitupia jicho akasema, "Mama, hawa wamenipa kidogo." Na ni kweli, ufadhili wao ulikuwa mdogo kwa dola elfu tisa. Lakini toa: 66,000 kasoro 36,000 zinabaki 30,000. 51,000 kasoro 31,000 zinabaki 20,000. Chuo kilichompa "kidogo" kilikuwa nafuu kwa dola elfu kumi kwa mwaka, elfu arobaini kwa miaka minne. Na ile ruzuku ya jimbo isingevuka mpaka kumfuata huko alikotaka kwenda; inatumika kwenye vyuo vya Minnesota, vya umma na vya binafsi.

Tangu siku hiyo mtu akija kwangu na furaha ya ufadhili namwambia hongera sana, sasa nionyeshe kinachobaki. Chukua gharama yote, na ukisema yote ni pamoja na bima ya afya, ambayo vyuo vingi vinaibandika kwenye bili kama huna yako, na vitabu, na nauli. Toa vitu ambavyo havirudishwi tu: ruzuku na ufadhili. Mkopo usiutoe, kazi usiitoe. Namba inayobaki ndiyo bei ya chuo chako. Msidhani ni sisi wageni tu tunaopotea hapo. Mwaka 2022 wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havielezi bei hiyo halisi kwenye barua zao au vinaionyesha chini kuliko ilivyo. Asilimia 91! Kwa hiyo kalamu ni lazima uishike mwenyewe.

Sasa hiyo PLUS. Serikali inaitoa bila kuuliza kama kipato chako kinaweza kuilipa. Inachotazama ni kama una historia mbaya ya madeni. Zamani ungeweza kukopa mpaka gharama yote ya chuo. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka kikomo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1 mwaka huu: dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na 65,000 kwa jumla. Wapo wanaolalamika. Mimi, mniwie radhi, nilifurahi, kwa sababu nimekaa na mama wa miaka hamsini na nane mwenye deni la watoto wawili na magoti mabovu. Mkopo wa mwanafunzi mwenyewe ni jambo jingine: 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na wa nne, jumla 27,000. Mtu akimaliza na kupata kazi, hilo linabebeka. Kwangu mimi mpaka uko hapo. Chuo kikihitaji saini ya mzazi kwenye deni kila mwaka, kinatoka mezani, hata kama mtoto analia. Najua hapa ndani kuna watakaonipinga, na tutabishana kwenye chai.

Halafu ulinganishe na nini? Si vidogo kwa vidogo peke yake. Tangu muhula wa vuli wa vyuo wa mwaka 2024, Minnesota ina mpango wa North Star Promise: familia ya mkazi yenye kipato kilichorekebishwa, kile cha kwenye fomu ya kodi, chini ya dola 80,000, mtoto hadaiwi ada katika vyuo vya umma vya jimbo na vya makabila ya wenyeji. Chumba na chakula vinabaki. Mpango huo haugusi vyuo vya binafsi. Kwa hiyo chuo kidogo kinachokuachia dola 25,000 kwa mwaka kinapaswa kueleza kitampa mtoto wako nini ambacho chuo cha umma hakimpi. Wakati mwingine maelezo yapo, na ni mazuri. Wakati mwingine ni picha za majani mekundu tu.

Hapo tumefika kwenye jambo la pili, ambalo wazazi mnaliona ni deko na vijana mnaliona ndilo lote: je, chuo kinamkaa mtoto? Nasema kumkaa kama nguo inavyomkaa mtu. Nguo inaweza kuwa ya bure na isikukae, na ukaivua katikati ya safari.

Kuna kijana wa jamaa zetu alipata chuo kidogo, ada yote imesamehewa. Tukamfanyia sherehe. Alitaka uhandisi. Chuo hakikuwa na uhandisi wake chenyewe. Kilikuwa na mpango wa kusoma miaka mitatu pale na miwili kwenye chuo kikuu kingine, na hakuna aliyeuliza kama ule msamaha ungemfuata huko. Lakini hata hakufika huko. Ufadhili ulidai wastani wa alama 3.5 kati ya 4 kila mwaka, na fizikia na hesabu za mwaka wa kwanza zikampa 3.1. Juni ikaja barua nyingine, isiyo na muhuri wa dhahabu. Sharti lilikuwepo tangu mwanzo, kwenye ukurasa wa pili, maandishi madogo. Si mtoto mvivu yule. Alama 3.1 kwenye masomo hayo ni alama za mtu anayekesha.

Kwa hiyo vijana, kabla ya kupenda kengele ya mnara na mgahawa, ulizeni mambo haya ya kuchosha: somo ninalolitaka lipo kweli? Walimaliza wangapi mwaka jana katika idara hiyo, na walimu ni wangapi? Wanaoingia mwaka wa kwanza wanarudi wangapi mwaka wa pili? Wanaomaliza ndani ya miaka sita ni asilimia ngapi? Nyingi ya namba hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali inayoitwa College Navigator. Chuo ambacho nusu ya watu hawamalizi ni ghali hata kikikuachia dola elfu tano, maana deni bila shahada halina mlipaji.

Lakini namba hazilali bwenini. Mimi nilimwambia binti yangu alale usiku mmoja kwenye kila chuo, kwa chumba cha mwanafunzi. Kule kwenye chuo cha barua ya kwanza alirudi kimya. Baadaye akaniambia, "Mama, walinikaribisha vizuri, lakini saa ya chakula cha jioni kila mtu alikuwa na timu yake, nikala na simu." Kwenye kile cha pili aliingia darasa la kemia la watu kumi na wanne. Mwalimu alimtaja kila mmoja kwa jina, na mwanafunzi alipokosea ubaoni hakuna aliyecheka. Mwalimu alimpa chaki tena. Hiyo chaki ndiyo aliyonisimulia njia nzima kutoka huko mpaka nyumbani, saa moja na nusu ndani ya gari. Mimi nilikuwa na hesabu zangu, yeye alikuwa na chaki yake, na bahati ikawa vyote vimeangukia chuo kimoja. Si kila nyumba inapata bahati hiyo.

Sitaki kuwapamba. Mwaka wa kwanza alilia. Kwenye bweni zima alikuwa na wasichana weusi wanne, na mji wenyewe hauna basi siku ya Jumapili. Sikukuu ya Desemba mabweni yanafungwa. Kwake yeye ilikuwa ni kuja nyumbani na mfuko wa nguo chafu, lakini rafiki yake kutoka Rwanda hakuwa na pa kwenda, akalala kwenye kochi letu wiki tatu. Ulizeni hilo pia. Watu wanauliza habari za bwawa la kuogelea, hawaulizi mtoto atalala wapi Desemba 24.

Na mwaka wa tatu chuo kikafunga idara ya Kifaransa, aliyokuwa akiisoma pamoja na biolojia kwa sababu baba yake ana ndugu Bukavu. Wanafunzi waliokuwepo waliruhusiwa kumalizia, lakini mwalimu wake mpenzi aliondoka. Vyuo vidogo vingi vinaishi kwa ada ya mwaka hadi mwaka, na vijana wanaohitimu sekondari katika sehemu nyingi za nchi hii wanapungua. Mwaka 2018 Mount Ida, karibu na Boston, kilitangaza kufunga wiki chache tu kabla ya muhula kuisha. Mwaka 2024 kilifunga Wells cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1868, na Birmingham-Southern cha Alabama. Sisemi mkimbie. Nasema ukienda kutembelea, muulize mtu wa ofisi bila aibu: wanafunzi wenu wameongezeka au wamepungua kwa miaka mitano? Mmefunga idara gani? Akikujibu waziwazi, hata kama jibu si tamu, mimi humwamini zaidi kuliko anayekuonyesha jengo jipya la mazoezi.

Sasa nirudi kwenye zile 20,000 zilizobaki kwenye chuo cha pili cha binti yangu, maana sikumaliza. FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, inasoma kodi ya miaka miwili nyuma. Fomu ya 2026–27 inasoma kipato cha 2024. Kwetu, kati ya mwaka ule waliousoma na ile Aprili, mume wangu alikuwa amepunguziwa safari. Niliona aibu kuandika. Sisi tumelelewa kwamba ukipewa unashukuru, hugeuzi mkono juu kuomba nyongeza. Lakini ofisi ya msaada wa fedha ina mamlaka kisheria ya kurekebisha hesabu mambo yakibadilika nyumbani: kazi imepotea, kuna ugonjwa, kuna msiba. Tukaandika ukurasa mmoja, bila machozi, tukaambatanisha hati za mshahara za miezi mitatu. Baada ya siku kumi na mbili wakaongeza 3,500. Zikabaki 16,500. Toa mkopo wake wa 5,500, zikabaki 11,000, ambazo chuo kilikubali tulipe kwa miezi kumi, 1,100 kila mwezi. Hiyo iliuma lakini haikutuvunja. Mshahara wake wa maktaba ulinunua vitabu na sabuni.

Ukitaka kujua mapema kabla hata ya kuomba, kila chuo kinachopokea wanafunzi wa msaada wa serikali kuu kinatakiwa, tangu 2011, kuweka kikokotoo kwenye tovuti yake. Jaza ukweli, kitakupa makadirio. Wale wadogo wenu walio kidato cha tatu na cha nne cha hapa, anzeni na hicho. Na wenye kipato kidogo, ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell inafika dola 7,395 kwa mwaka huu wa masomo, na haimchagui mtu wa chuo cha umma au cha binafsi.

Mmeniuliza pia habari za wapwa walioko nyumbani, wanaoomba kutoka Nairobi, Dodoma au Goma. Kwao FAFSA haipo. Vyuo vingi vinatazama uwezo wa kulipa kabla ya kumkubali mgeni. Vichache, Amherst na Bowdoin vikiwemo, havitazami. Berea cha Kentucky hakimtozi mwanafunzi ada tangu 1892, ila kila mmoja anafanya kazi ya chuo, na nafasi za wageni ni chache mno. Mpwa akikubaliwa na kinachobaki ni 18,000, msimwambie "njoo tu, Mungu atafungua njia." Ubalozini ataulizwa pesa ziko wapi, na akishafika anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, masaa ishirini kwa wiki wakati wa masomo. Piga hesabu ya masaa hayo uone kama yanafika 18,000. Mimi nilipiga kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, nikampigia simu nikamwambia asubiri mwaka mmoja aombe tena. Hakuongea na mimi mpaka Pasaka. Mwaka uliofuata alipata palipobaki 2,000.

Nimeona mkono wa mama pale. Ndiyo, mama, nimeongea sana, na Mei mosi ndiyo siku ambayo vyuo vingi vinataka jibu na amana. Msilipe amana vyuo viwili kwa kuogopa. Pale nyuma nimeweka meza, vikokotoo vitatu na kalamu za kutosha. Leteni barua zenu zote, hata ile ambayo mtoto ameificha chini ya godoro kwa kuwa anajua utasema hapana. Mzee wangu wa chuo kisichosikika, wewe na binti yako mtakuwa wa kwanza.